Niletee Gari Likiwa Baridi

Hotuba kwa madereva wa njia ya Mbale na Kapchorwa, gerejini Kapchorwa, saa moja asubuhi

Mwenyekiti wa steji, wazee wetu, ndugu madereva, dada makondakta, na nyinyi vijana wangu wa gereji mliojificha nyuma kana kwamba leo hakuna kazi: hamjambo? Nashukuru mmeamka. Najua saa moja asubuhi hapa mlimani si saa ya kusikiliza mtu akihutubia, ni saa ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mwenyekiti alitaka tukutane saa nane mchana, watu wakishakula. Nikamwambia, mzee, saa nane mgonjwa atakuwa ameshapona.

Mgonjwa mwenyewe ni huyu hapa. Toyota Premio hii imelala uani tangu jana jioni na hakuna aliyeigusa ufunguo. Usiku mwenye gari alitaka kuiwasha aisogeze kidogo isinyeshewe. Nikakataa, tukaisukuma. Mzee uliye karibu, hebu weka mkono kwenye boneti. Baridi kama jiwe la mtoni, sivyo? Hivi ndivyo ninavyotaka magari yenu yanifikie.

Nimeombwa niseme Kiswahili, kwa kuwa hapa tuko Wasabiny, Wagisu, Waganda, na ndugu zetu wa malori waliovuka Suam jana wakitokea Kitale. Kiswahili changu nilikiokota Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa kazi bado wanaiita Grogan, nikiwashikia mafundi spana. Kikiwa na grisi mtanisamehe.

Malalamiko ninayoletewa kila wiki ni yale yale. Dereva anawasha gari alfajiri, injini inashika, halafu inaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mshale wa mizunguko unapanda, unaanguka, taa za dashibodi zinafifia, mara injini inazima. Anawasha tena, anaibembeleza kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, dakika tatu, nne, inatulia. Basi anapakia abiria, anashuka Mbale, anapanda tena, na saa nne na nusu ananifikia hapa. "Fundi, gari linamisi asubuhi." Nafungua boneti. Injini imetulia, ukisimamisha sarafu juu yake haianguki. Sasa nifanye nini? Nitabashiri. Na fundi akibashiri, wa kulipa ni wewe: plagi nne leo, koili inayozipa umeme kesho, pampu ya petroli kesho kutwa, na asubuhi ya nne gari bado lina homa yake.

Niungame kosa langu mwenyewe kabla sijawasema nyinyi. Miaka mingi iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea gari lake, Toyota Corona, kuukuu lakini imetunzwa. Ilinifikia ikiwa moto, kila mara. Nikamuuzia plagi. Akarudi. Nikamuuzia waya za plagi. Akarudi. Nikafungua injekta, zile zinazonyunyiza petroli, nikazisafisha, nikamtoza. Mara ya nne alikuja kwa miguu. Akasimama pale mlangoni akaniambia taratibu, "Fundi, gari liko nyumbani, limekataa kabisa. Njoo ulione wakati linaumwa." Angenitukana ningejua la kujibu. Ule upole wake ndio ulionimaliza.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nikawa kwake, umande bado uko kwenye kioo. Nikamwambia awashe. Injini ikashika, ikayumba, taa ya injini ikawaka. Nikamuuliza, mwalimu, taa hii huwa inawaka? Akasema ndiyo, kila asubuhi, halafu inazimika, nilidhani ndiyo kawaida yake. Hakuwahi kunitajia kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nikazima, nikafungua kile kiboksi cheusi cha majaribio kilicho karibu na betri, nikaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, nikafungua swichi bila kuwasha. Taa ikapepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. Ishirini na mbili. Kwa Toyota za wakati ule, namba 22 ni sensa ya joto la maji ya injini, kile kifaa kidogo kinachoipimia kompyuta ya gari joto hilo. Nikafuata waya wake kwa kidole mpaka nikafika mahali panya alipokula. Ulikuwa umebaki uzi mmoja wa shaba, mwembamba kuliko unywele. Injini ikiwa baridi uzi hauguswi na mwenzake, ikipata joto unanyooka unagusa. Waya sentimita nane, solda, gundi ya umeme, basi. Nilimrudishia pesa za plagi. Za injekta sikuwa nazo tena, nilishazila.

Sasa kwa nini sensa ndogo kama kidole cha mtoto iangushe gari zima? Nyinyi mliokulia kwenye nyumba yenye jiko la kupampu la mafuta ya taa mtanielewa upesi. Lile jiko huliwashi hivi hivi. Kwanza unamimina spiriti kwenye kile kikombe, unachoma, kichwa kinapata moto, ndipo mafuta ya taa yanageuka mvuke na jiko linavuma. Ukipampu kabla ya hapo unapata moshi na macho mekundu. Petroli nayo ni hivyo hivyo: maji maji yake hayawaki, kinachowaka ni mvuke. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayonyunyizwa inanata kwenye kuta za njia ya hewa kama umande, na kinachofika ndani kikiwa mvuke ni kidogo. Kwa hiyo kompyuta ya gari inaongeza. Inamimina zaidi, na inafungua hewa zaidi ili mizunguko ipande, 1,200 mpaka 1,500 kwa dakika katika magari mengi, kisha inashusha pole pole kadiri joto linavyopanda mpaka ikae kwenye 700 hivi.

Lakini itajuaje kwamba ni baridi? Jicho lake ni ile sensa. Ndani yake mna kitu ambacho ukinzani wake wa umeme unashuka kadiri joto linavyopanda. Kwa Toyota nyingi, kwenye nyuzi 20 utasoma kati ya omu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 utasoma kama 300. Waya ukikatika, kompyuta inakosa habari kabisa, na ili gari lisikuache porini imeandikiwa kudhani kwamba maji yako nyuzi 80. Ndipo inaipa injini iliyolala kwenye baridi ya Kapchorwa mafuta ya injini iliyotoka safari. Sensa nyingine, ile ya oksijeni kwenye ekzosi, ingeweza kuisahihisha, lakini nayo haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na zaidi. Kwa hiyo dakika zile za mwanzo kompyuta inatembea kwa kupapasa, na kila kasoro ya gari inaonekana wazi. Baadaye ikishapata macho inaziba, inafidia, na mimi fundi nikija na tochi yangu saa nne naona injini nzima yenye afya.

Haya, maneno yametosha. Kijana, washa. Nyinyi wengine nyamazeni kidogo, na yule mwenye boda boda azime.

Mmesikia? Imeshika mara moja, kwa hiyo betri na stata nzuri. Tazameni mshale: 1,400, 600, 1,300, 500. Inapanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida. Njoo wewe hapa nyuma, shika karatasi hii karibu na mdomo wa ekzosi, usiguse. Karatasi inasukumwa sawasawa, puf puf puf, haivutwi kurudi. Kama silinda moja ingekuwa haichomi, ungeona karatasi inaruka hatua, inanyonywa kila baada ya mipigo kadhaa, na ungesikia gari linachechemea kwa mguu ule ule mmoja. Hapa silinda zote zinafanya kazi, ila zote zina njaa ya petroli. Kuna hewa inaingia ambayo haikuhesabiwa.

Nachukua hozi hii ya kawaida, futi mbili. Ncha moja sikioni, ncha nyingine naipitisha huku nyuma ya manifoldi ya kuingizia hewa. Hapa kimya. Hapa kimya. Hapa… mwenyekiti, njoo usikilize mwenyewe. Ssss. Umesikia? Ni hozi ya kuvuta mvuke wa oili, hapa kwenye kiwiko chake. Mpira umekauka, umekuwa mgumu kama ngozi ya ngoma, na una ufa wa urefu wa ukucha. Sasa naubana kwa vidole. Tazameni mshale.

Umetulia. Naachia: imeanza tena. Nabana: imetulia.

Hakuna mashine niliyotumia hapa, na hakuna spea niliyonunua kwa kubahatisha. Mtaona dakika chache zijazo, ikishapata moto, itatulia yenyewe hata nisipobana, maana sensa ya oksijeni imeamka, imeona hewa imezidi, na kompyuta imeongeza petroli. Dereva hufurahi akasema limepona. Halijapona, ndugu yangu, limelipiwa, kwa petroli yako, kutoka hapa mpaka Mbale na kurudi. Hozi hii nitaiuza shilingi elfu kumi pamoja na kuifunga. Naona mwenyewe anatabasamu.

Wapo mafundi wanaotafuta ufa kwa kupuliza dawa ya kabureta wakiwa wamesimama juu ya injini inayonguruma. Inafanya kazi, lakini inashika moto vile vile. Nimeona nyusi za watu zikiondoka. Wengine hutumia petroli kwenye chupa ya maji, na hao sina la kuwaambia.

Mzee mwenye kofia ya sufi anauliza. Sema, mzee, kwa sauti. Anasema: gari lake halina themostati, fundi aliitoa wiki ile ile lilipofika kutoka bandarini, akamwambia hii ni ya nchi za theluji, hapa ni Afrika. Je, ina uhusiano?

Mzee, umenigusa kidonda. Naomba mnivumilie hapa.

Themostati ni mlango. Zile za Toyota nyingi zimegongwa namba 82, yaani mlango unaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Kabla ya hapo maji hayaendi kwenye rejeta, yanazunguka ndani ya injini tu, ili ipate moto haraka itoke kwenye zile dakika za kupapasa. Ukiutoa mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Hapa kwetu, alfajiri, halafu unateremka kuelekea Sipi mguu ukiwa kwenye breki, upepo wa mlima unapiga rejeta: injini hiyo haitapata moto mpaka ufike tambarare. Sensa inasema ukweli, inasema bado baridi, na kompyuta inatii, inamimina. Petroli ya ziada inasafisha oili kwenye kuta za silinda na kushukia chini kwenye kata, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, usitafute mchawi. Plagi nazo zinavaa masizi meusi, laini kama ya sufuria ya kuni, na plagi yenye masizi ikiwa baridi cheche yake inateleza pembeni. Kesho asubuhi gari linatetemeka. Kisha unakuja kuniambia nibadilishe plagi, nazibadilisha, linakaa vizuri wiki mbili, linarudi. Kuna watu humu nimewauzia plagi mara tatu kwa mwaka kwa sababu ya mlango uliotupwa Kampala.

Najua kwa nini wanaitoa. Gari likipanda huku likiwa limejaa, linachemka, na hofu hiyo ni ya kweli. Mbale iko kwenye mita 1,100 na ushei, hapa tumeshapita 1,800, na kwa urefu huu maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Lakini ndiyo maana rejeta ina kifuniko cha presha! Kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake si pambo. Kinayabana maji yasichemke. Spring ikilegea au mpira wake ukioza, maji yanachemka mapema na kutoroka, na wewe unalaumu themostati. Au rejeta imeziba kwa kutu na chokaa ya maji ya mtoni mnayojaza njiani. Au feni haizunguki. Tengeneza hayo. Mzee, kujua kama mlango upo ni rahisi: washa gari likiwa baridi, shika hozi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto lije kwa ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, mlango hakuna, au umekwama wazi.

Nirudi kwa lile gari linalochechemea kwa mguu mmoja, maana ndilo linalokula pesa zenu nyingi. Hapo kuna silinda haichomi, na swali ni ipi. Injini ikiwa baridi na inanguruma, nachomoa soketi ya injekta moja, nasikiliza, naichomeka, nakwenda ya pili. Ile ambayo nikiichomoa gari halibadiliki hata kidogo, hiyo ndiyo iliyokuwa imelala. Nachomoa injekta, si koili, kwa sababu mbili. Ukichomoa koili umeme wake unatafuta njia na mkono wako uko karibu, halafu petroli isiyochomwa inakwenda kuunguza masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Nikishaijua silinda, nahamisha. Koili ya tatu naipeleka ya kwanza, ya kwanza naileta ya tatu. Kesho asubuhi kama ugonjwa umehamia ya kwanza, koili ndiyo mbaya, nunua moja, si nne. Kama umebaki pale pale, nahamisha plagi. Ukibaki tena, injekta. Ukibaki baada ya hapo napima mgandamizo, na uso wangu mtauona umebadilika. Ndiyo, inachukua asubuhi mbili tatu. Bado ni nafuu kuliko kununua duka zima.

Na plagi yenyewe tazameni mnachonunua. Niliwahi kununua, katika duka ambalo sitalitaja, plagi za iridiamu zilizofungwa vizuri kuliko zile halali. Ncha ikaisha kwa miezi miwili. Bei ikiwa robo ya ile ya kila mahali, jiulizeni robo tatu iko wapi.

Throto, ile valvu ya kuingizia hewa, ikiwa na masizi nayo hufanya gari likose mizunguko asubuhi. Inafutwa kwa kitambaa na dawa yake, si kwa brashi ya waya. Baada ya kusafisha, au ukichomoa betri, gari linaweza kufanya wazimu siku moja mpaka kompyuta ijifunze upya. Usirudi mbio kunipigia kelele.

Wenye dizeli nitawagusa kidogo tu. Yenu haina cheche, ina plagi za moto zinazoipasha kabla haijashika. Asubuhi inatoa moshi mweupe unaochoma macho, inagonga, inatetemeka, kisha inatulia: pima kila plagi ya moto kwa mita. Nzuri nyingi zinasoma chini ya omu mbili, iliyokufa haisomi kitu. Na acheni kuivutisha petroli au ile dawa ya kopo ya kuwashia gari kwenye bomba la hewa wakati plagi za moto zinafanya kazi. Unatega bomu halafu unaliinamia.

Kuna moja nasema kwa uzito. Ukiwasha asubuhi gari likachechemea nusu dakika, likatoa moshi mweupe wenye harufu tamu tamu, kisha likawa sawa, na kila siku tatu nne unaongeza maji bila kuona tone chini: usipakie abiria. Gasketi ya silinda hedi inavuja, maji yanateremkia kwenye silinda usiku ukiwa umelala. Siku yakijaa ya kutosha, stata itajaribu kuyabana, na maji hayabaniki. Kitakachopinda ni fimbo ya pistoni. Nipigie simu, nitakuja mimi kwako.

Dada pale anauliza, je, akae akiipasha moto dakika kumi kabla ya kuondoka? Hapana, dada. Nusu dakika oili ipande, kisha ondoka pole pole bila kupiga resi. Injini inapata joto haraka zaidi ikifanya kazi kuliko ikisimama. Ila siku ile unayotaka kuniletea, usiiwashe kabisa.

Nina nafasi ya magari mawili usiku huu. Mwenye Wish ya kijivu nimekusikia, ingia leo jioni. Mwenye Hiace, wewe pia. Ufunguo mnaacha kwenye ile meza, na karatasi: taa gani huwaka, moshi wa rangi gani, inachukua dakika ngapi kutulia, ilianza lini, na nani aliyegusa nini mara ya mwisho. Mimi nitakuwa hapa saa kumi na mbili na nusu. Na wewe kijana wa kulinda uani, nakuomba mbele ya wazee hawa: mvua ikinyesha, usiwashe gari la mtu kulisogeza. Niite, tutasukuma.